Mcheza Kwao Hutuzwa: Karamu ya Onyesho la Kwanza katika Sanaa za Maonyesho za Jamii, kwa Kuzingatia Uwanda wa Ufipa

IKISIRI

Uchunguzi wa sanaa za maonyesho za jamii nchini Tanzania umeshughulikia zaidi hatua za utafiti, uundaji wa igizo na majadiliano, na kuiacha kando sherehe inayofuata onyesho la kwanza. Makala hii inadai kwamba sherehe hiyo ni sehemu ya onyesho lenyewe, kwa kuwa humo ndimo jamii inamoamua igizo ni la nani. Hoja hiyo inajengwa kwa kulinganisha mifano ya Malya na Kamiriithu, kisha kwa kuchunguza desturi za kazi, uhunzi na mikusanyiko ya hadhara katika uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa.

1.0 Utangulizi

Methali isemayo "Mcheza kwao hutuzwa" hutajwa mara nyingi pale msanii anaposhangiliwa na watu wa nyumbani. Kisarufi, methali hiyo ina jambo moja la kuzingatiwa: kitenzi chake kiko katika kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Anayecheza anajulikana, mahali pa kuchezea panajulikana, lakini anayetuza ameachwa bila jina. Katika ngoma ya kijijini ukimya huo hauna madhara, kwa sababu kila mtu anafahamu kwamba anayetuza ni ndugu, jirani, mtu wa rika moja na mchezaji, au mtani wake. Katika sanaa za maonyesho za jamii kama zilivyoendelea tangu miaka ya 1980, ukimya huo umekuwa swali. Je, kikundi kinapomaliza onyesho lake la kwanza na marafiki wakakusanyika kula, kunywa na kushangilia, ni nani hasa anayetuza? Na anayetuza anapata haki gani juu ya igizo?

Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo. Hoja yake kuu ni kwamba karamu ya onyesho la kwanza haipaswi kuchukuliwa kama burudani iliyo nje ya sanaa. Ni hatua ya mwisho ya utendaji, ambamo hukumu ya hadhira hutolewa na umilikaji wa igizo hudhihirika. Muktadha uliochaguliwa ni uwanda wa Ufipa, kwa sababu desturi za eneo hilo zinatoa kanuni iliyo wazi kuhusu uhusiano baina ya kazi na sherehe.

2.0 Kufungua, Kuzindua na Kuzindika

Kabla ya kuendelea ni vyema kuzichunguza istilahi zinazotumika. Onyesho la kwanza huitwa "ufunguzi" au "uzinduzi". Neno la kwanza ni jepesi: kinachofunguliwa kilikuwa kimefungwa. Dhana hii inalandana na desturi ya jumba la maonyesho la Kizungu, ambamo mazoezi hufanyika faraghani, pazia huwa limefungwa, na watazamaji hupewa kwa mara ya kwanza kitu wasichowahi kukiona. Karamu inayofuata katika desturi hiyo huwa ya wasanii, wahisani wao na wageni waalikwa. Mtazamaji wa kawaida amekwisha kwenda zake.

Neno la pili lina historia nzito zaidi. Kuzindua ni kumwamsha aliyelala au kumrudishia fahamu aliyepumbaa, na kwa maana iliyozoeleka leo ni kuanzisha jambo rasmi. Kitenzi hiki kinahusiana na "zindika", yaani kukinga nyumba au mji kwa dawa, na zindiko ni kinga hiyo. Kwa hiyo, katika asili ya neno, anayezinduliwa si igizo bali ni watu. Igizo ndilo linalozindua. Matumizi ya siku hizi yameupindua uhusiano huo: igizo limekuwa kitu kinachozinduliwa na mtu mwenye cheo, sawasawa na daraja au kisima. Badiliko hilo dogo la kisintaksia linaakisi badiliko kubwa la kijamii, kama itakavyoonyeshwa katika sehemu ya 6.0.

Kwa upande wa "usiku wa kwanza", usemi huu nao unahitaji tahadhari. Maonyesho ya jamii vijijini mara nyingi hufanyika mchana au alasiri, kwenye uwanja wa shule, wa ofisi ya kijiji au wa soko. Usiku huanza pale karamu inapoanza. Kwa maneno mengine, mahali ambapo jumba la mjini huweka igizo, kijiji huweka mazungumzo juu ya igizo.

3.0 Mipaka ya Onyesho

Katika kitabu chao cha Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walibainisha kwamba sanaa ya maonyesho inahitaji mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Ufafanuzi huo ulikuwa na umuhimu mkubwa, kwani uliwezesha ngoma, majigambo na masimulizi ya hadithi kutambuliwa kuwa sanaa za maonyesho bila kupimwa kwa kigezo cha tamthilia ya Ulaya.

Hata hivyo, ufafanuzi huo unaacha wazi suala la muda. Utazamaji huanza lini na huishia wapi? Katika sanaa za jadi mpaka huo ni mgumu kuchorwa. Mtambaji wa hadithi huanza kwa kuitikiwa, na wimbo ulio ndani ya hadithi huimbwa na hadhira nzima. Katika ngoma, anayetuza huingia uwanjani akiwa na fedha au kanga mkononi, humvika mchezaji, hucheza naye hatua chache, kisha hurudi mahali pake. Wakati huo yeye ni mtazamaji na mtendaji kwa pamoja. Kutuza kwake ni tamko: anasema mbele ya wote kwamba mchezo huu anaukubali na mchezaji huyu anamjua. Vigelegele, vifijo, na hata ukimya wa makusudi, vyote ni lugha ya uhakiki.

Ikiwa hali ndiyo hiyo, basi karamu inayofuata onyesho inaendeleza tendo lililokwisha kuanza uwanjani. Fanani amevua vazi la mhusika lakini bado anaitwa kwa jina la mhusika huyo. Maneno yake yanarudiwa kwa mzaha. Mtu anasimama kuigiza jinsi mwigizaji alivyokosea, na mwingine anatoa mwisho tofauti ambao angependa kuuona. Mtafiti anayefunga daftari lake mara makofi yanapokwisha anaipoteza sehemu hiyo yote.

4.0 Malya na Kamiriithu

4.1 Malya

Katika miaka ya 1980, wahadhiri wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, waliendesha miradi ya maonyesho ya jamii katika vijiji kadhaa. Mradi wa Malya, mkoani Mwanza, ulianza mwaka 1982; baadaye ikafuata miradi ya Msoga katika Mkoa wa Pwani na Mkambalani katika Mkoa wa Morogoro. Mlama aliieleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo. Utaratibu wake ulikuwa wanakijiji kuyatafiti matatizo yao wenyewe, kuyachambua, kuunda maonyesho kwa fani walizozizoea kama ngoma na masimulizi, kuyaonyesha mbele ya kijiji, kisha kuyajadili na kupanga hatua za kuchukua. Huko Malya, miongoni mwa masuala yaliyojitokeza ni matatizo ya vijana, yakiwemo mimba za wasichana wadogo.

Mchango mkubwa wa miradi hiyo ni kuyafanya majadiliano kuwa sehemu ya lazima ya onyesho. Kabla ya hapo, vikundi vingi vilivyotumia ngonjera, vichekesho na nyimbo kwa ajili ya kampeni vilimwona mtazamaji kama mpokeaji wa ujumbe. Lakini majadiliano rasmi yana mipaka yake. Yana mwenyekiti, yana mpangilio wa kusema, na mara nyingi yana viongozi walioketi mbele. Msichana ambaye habari zake ndizo zilizoigizwa hawezi kutarajiwa kunyoosha mkono katika mkutano wa aina hiyo. Anaweza kuzungumza baadaye, jioni, akiwa na wenzake wa rika moja, chakula kikiwa katikati yao. Mkutano humpa mtu nafasi ya kusema, na karamu humpa mtu wa kumwambia.

4.2 Kamiriithu

Mfano wa pili unatoka Kenya. Katika Kituo cha Elimu na Utamaduni cha Kamiriithu, karibu na Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika Ngaahika Ndeenda kwa lugha ya Kigikuyu, na Kimani Gecaũ akaiongoza. Waigizaji walikuwa wakulima na wafanyakazi wa eneo hilo, na ukumbi wa wazi ulijengwa na wanakijiji wenyewe. Onyesho la kwanza lilifanyika Jumapili ya tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba mwaka huohuo serikali iliondoa kibali cha maonyesho hayo, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Jaribio la mwaka 1982 la kuonyesha igizo jingine lilizuiwa, na ukumbi ukabomolewa.

Kwa mada ya makala hii, jambo la kuzingatiwa ni lile ambalo Ngũgĩ alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na fasihi ya Afrika: mazoezi ya Kamiriithu yalifanywa hadharani. Watu walikuja, wakatazama, wakasahihisha nyimbo na mienendo ya wahusika. Hivyo onyesho la kwanza halikuwa siri iliyofichuliwa. Waliohudhuria walikuja kuthibitisha kazi ambayo tayari walikuwa na mkono wao ndani yake. Furaha ya siku hiyo ilikuwa ya aina tofauti na ile ya mtazamaji anayeshangazwa. Ilifanana zaidi na furaha ya mavuno.

Mifano hii miwili inakamilishana. Malya inaonyesha kwamba hukumu ya hadhira inahitaji kuendelea baada ya onyesho, na Kamiriithu inaonyesha kwamba thamani ya sherehe hutegemea nani aliyefanya kazi kabla ya onyesho. Uhusiano huu baina ya kazi na sherehe ndio unaoipeleka makala hii Ufipa.

5.0 Uwanda wa Ufipa

5.1 Mahali na Majira

Uwanda wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 1974, uko kwenye kimo cha takriban meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 2012 sehemu ya kaskazini ya mkoa ilitengwa na kuwa Mkoa wa Katavi, lakini kitovu cha Ufipa kilibaki Rukwa. Jina la mji hufasiriwa kuwa ni mwito wa kuutupa uchawi, "wanga" ikiwa na maana hiyohiyo iliyo katika neno la Kiswahili "mwanga" kwa maana ya mchawi.

Majira yana nguvu juu ya sanaa katika uwanda huu. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na wakati huo kila mkono uko shambani. Baada ya mavuno ndipo arusi na sherehe nyingine zinapopata nafasi, lakini ndipo pia baridi ya Juni na Julai inapokuwa kali. Onyesho la hadhara huko halina budi kufanyika jua likiwa bado lipo, na baada ya hapo watu husogea motoni. Karamu kwenye mazingira hayo hukusanya watu karibukaribu, na mazungumzo hayakwepeki.

Aidha, uwanda huu una mazoea marefu ya maonyesho yaliyoingia kwa njia ya kanisa. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walifika Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na Ukatoliki ukaenea sana Ufipa. Maigizo ya Noeli na ya Mateso, kwaya za vigango na sherehe za somo wa parokia ni mambo ambayo mwanafunzi wa sanaa za maonyesho hawezi kuyapuuza, kwani hapo ndipo vijana wengi hujifunza kwa mara ya kwanza kusimama mbele ya watu.

5.2 Ntumba na Kanuni ya Pombe

Kilimo cha jadi cha Wafipa kinajulikana kwa matuta ya mviringo yaitwayo ntumba. Nyasi hufukiwa ndani ya matuta hayo, huoza, na udongo hurutubika kwa ajili ya mazao ya msimu unaofuata. Kazi hiyo ni nzito kwa kaya moja. Kwa hiyo ilifanywa kwa kualikana: mwenye shamba aliandaa pombe ya ulezi, majirani na marafiki wakaja na majembe, na kazi ilipokwisha wakainywa pamoja.

Utaratibu huo una kanuni mbili zinazofaa kuhamishiwa kwenye uchambuzi wa karamu ya onyesho. Kanuni ya kwanza ni ya mfuatano: kazi hutangulia na pombe hufuata. Pombe ikitangulia, matuta hayatalimwa. Kanuni ya pili ni ya haki: anayekunywa ni yule aliyelima. Pombe hiyo si mshahara, kwa kuwa haipimwi kwa idadi ya matuta, wala si sadaka, kwa kuwa mnywaji ameitolea jasho. Ni ushahidi wa hadhara kwamba shamba hilo limeguswa na mikono mingi, na kwamba mwenye shamba naye ataitwa siku ya mwenzake.

Kwa kuzingatia kanuni hizo, swali la nani anastahili kuketi kwenye karamu ya onyesho la kwanza linapata jibu lililo tofauti na la orodha ya waalikwa. Anastahili aliyefanya kazi. Waigizaji wamefanya kazi, na wapiga ngoma pia. Mtazamaji je? Mtazamaji aliyeitikia wimbo, akasahihisha mazoezi au akachangia majadiliano, naye amelima. Aliyekuja kutazama tu hafukuzwi, kwani ukarimu haumfukuzi mtu, lakini anajua kwamba ana deni. Methali ya Kiswahili inayomtaka mgeni apewe jembe siku ya tatu inasema jambo hilohilo.

5.3 Tanuri kama Bibi Arusi

Ufipa ulisifika pia kwa uyeyushaji wa chuma. Tanuri kubwa, liitwalo ilungu, lilifikia kimo cha takriban meta tatu na lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, ambalo lilitumia mivukuto. Kazi hiyo ilififia katika kipindi cha ukoloni, vyuma na majembe kutoka nje yalipoenea. Watafiti kama Wembah-Rashid (1969) na Barndon (1996) wameiandikia, na magofu ya matanuri yameendelea kuonekana katika uwanda huo.

Kinachohusika hapa ni namna tanuri jipya lilivyoanzishwa. Lilichukuliwa kuwa bibi arusi: lilipambwa na kuimbiwa, na wahunzi walishika miiko ya unyumba hadi kazi ilipokwisha. Huu ni uzinduzi kwa maana kamili ya neno. Sherehe haikuwekwa kama pambo mwishoni mwa kazi ya ufundi. Ilikuwa mojawapo ya masharti ya ufundi huo. Kwa mhunzi wa Kifipa, tanuri lisiloimbiwa lilikuwa halijakamilika, hata kama udongo wake umekauka.

Pana fundisho la ziada. Katika karne ya 20, uyeyushaji ulipokuwa umekwisha kuachwa, wazee waliufanya tena mara chache kwa ajili ya watafiti waliotaka kuuona na kuurekodi. Maonyesho hayo yana thamani kubwa kwa elimu. Lakini katika hali hiyo chuma hakikuwa na haja nacho mtu yeyote kijijini, na aliyegharimia kazi alikuwa mtazamaji mgeni. Hapo mhunzi amegeuka mwigizaji wa uhunzi. Hali hiyo inafanana mno na ya kikundi cha sanaa kinachocheza ngoma yake kwa sababu tu mfadhili ameiomba.

5.4 Onyesho Lisilo na Meza ya Pamoja

Si kila mkusanyiko wa hadhara huleta upatanisho. Katika miaka ya 1963 na 1964 vuguvugu la kuwasaka wachawi lililoitwa Kamcape lilipita vijijini Ufipa. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyekuwapo huko wakati huo, aliliandikia mwaka 1968. Kwa maelezo yake, vijana walikuwa mstari wa mbele katika harakati hizo na lawama iliwaangukia zaidi wazee. Kwa mtazamo wa sanaa za maonyesho, Kamcape ilikuwa na sehemu zote nne za Muhando na Balisidya: dhana, watendaji, uwanja na watazamaji. Kilichokosekana ni nafasi ya mtuhumiwa kujibu akiwa mmoja wa wenyeji.

Jambo hili lina uzito kwa yeyote anayekusudia kuandaa igizo la jamii katika uwanda huu, hasa igizo linalogusa uchawi, urithi au ulevi. Kijijini mhusika wa kubuni hana maficho. Bibi kizee wa jukwaani akivaa kitenge cha rangi fulani au akichechemea, hadhira itamtafuta bibi kizee wa kweli. Katika nchi ambamo wanawake wakongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, kicheko cha alasiri moja chaweza kuwa na madhara makubwa. Igizo linalompa hadhira mchawi wa kuchekwa, kisha wasanii wakapanda gari na kuondoka, linarudia muundo wa Kamcape hata kama maudhui yake yanaupinga uchawi. Lakini pale ambapo waigizaji ni wakazi wa hapohapo na karamu inawakalisha pamoja na wazee waliohisi kuguswa, kuna fursa ya kumwondolea mtu shaka hadharani. Kijana aliyemwigiza mkongwe anapompelekea chakula mkongwe wa kweli kwa mikono miwili, akiinama na kusema "Shikamoo, bibi", naye akajibiwa "Marahaba", uwanja mzima umeona kwamba igizo halikuwa hukumu.

6.0 Rafiki, Mgeni Rasmi na Jiko

Urafiki ni nguvu ya karamu, na pia ni udhaifu wake. Rafiki huja kumfurahia rafiki. Husifu hata pasipostahili, na msanii chipukizi anaweza kudhani kwamba shangwe za onyesho la kwanza ni uthibitisho wa ubora. Uhakiki wa kirafiki unahitaji chombo cha kuubeba, na jamii za Tanzania zina chombo hicho, nacho ni utani. Mtani ana ruhusa ya kusema lile ambalo rafiki analimeza. Anaweza kutangaza mbele ya wote kwamba mfalme wa jukwaani alitembea kama mwizi wa kuku, na mwigizaji hana budi kucheka, lakini kesho yake atabadili mwendo. Kikundi kinachoandaa onyesho la kwanza kingefanya vyema kuhakikisha kwamba watani wake wamo karamuni.

Adui mkubwa zaidi wa karamu ni urasmi. Tangu miaka ya 1990, ufadhili wa mashirika ulipoongezeka, hasa katika maonyesho kuhusu UKIMWI, afya ya uzazi na mazingira, shughuli nyingi za uzinduzi zilichukua sura moja. Meza ya mgeni rasmi huwekwa kivulini mbele ya uwanja. Igizo husubiri afike, na hufupishwa akichelewa. Baada ya igizo husomwa risala, mgeni rasmi hutoa hotuba, na majadiliano hubanwa au huachwa kabisa. Soda na chakula hupelekwa kwanza kwenye meza kuu, na washiriki hutia saini ili wapewe posho. Katika hali hii mtenda aliyefichwa na methali amepatikana: anayetuza ni mfadhili, na kwa sababu hiyo igizo ni lake. Dalili yake ni kwamba ufadhili ukikoma, igizo hukoma.

Haimaanishi kwamba fedha ya nje ni sumu. Vyombo vya ngoma, mavazi na usafiri vina gharama, na vikundi vingi vya Rukwa viko mbali na vyanzo vya mapato. Kinachotetewa hapa ni mgawanyo: mfadhili anaweza kulipia usafiri na turubai, lakini chakula cha karamu kitokane na mchango wa wenyeji, hata kama ni debe la unga na maharage tu. Mtu aliyetoa kibaba cha ulezi anapata haki ya kusema kwamba igizo lilimchosha. Aliyepewa posho hana uhuru huo kamili.

Kuna kundi jingine linalosahauliwa, nalo ni wapishi. Karamu haijipiki. Katika vijiji vingi wanawake na wasichana ndio wanaochota maji, kutafuta kuni, kutwanga na kukorofisha pombe siku kadhaa kabla, na saa ya onyesho inapofika wao wako jikoni. Matokeo yake ni kinaya kichungu: igizo linalohusu mimba za wasichana au mzigo wa kazi za wanawake huonyeshwa wakati wasichana na wanawake wanapika chakula cha kulisherehekea. Kwa kanuni ya ntumba, hawa wamelima kuliko wote, lakini shamba lenyewe hawalioni. Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 kwa ushirikiano wa Idara ya Sanaa za Maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na shirika la FAWE, uliwawezesha wasichana wa shule za sekondari kutumia maigizo kusema matatizo yao. Fundisho lake linaweza kupanuliwa hadi jikoni: zamu za kupika zigawanywe kwa wanaume na wanawake, au jiko liwekwe mahali ambapo uwanja unaonekana, au chakula kikuu kipikwe baada ya onyesho, na upishi wenyewe uwe sehemu ya majadiliano.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba karamu ya onyesho la kwanza ina dhima ya kisanaa na ya kijamii isiyoweza kubebwa na igizo peke yake wala na majadiliano rasmi peke yake. Imedaiwa kwamba umilikaji wa igizo hudhihirika katika mambo ambayo kwa kawaida huachiwa waandaaji wa chakula: nani amechangia, nani amekula kwanza, nani amesema, na nani hakuonekana kwa sababu alikuwa jikoni. Desturi za Ufipa, hususan mwaliko wa kulima ntumba, zinatoa kipimo kinachoeleweka na wenyeji wenyewe, ambacho ni kwamba sherehe ni haki ya waliofanya kazi na hufuata kazi. Uhunzi wa ilungu unaongeza kwamba sherehe ni sehemu ya ufundi, na kumbukumbu ya Kamcape inaonya kuhusu onyesho linalomwacha jirani bila jibu.

Kwa wanafunzi wa shahada za uzamili wanaokwenda nyanjani, yapo mapendekezo mawili. Kwanza, uchunguzi wa onyesho uanzie kwenye mazoezi na uendelee hadi asubuhi ya siku ya pili, wakati watu wanaporudi kisimani na mashambani wakiwa bado wanayazungumza yale waliyoyaona. Pili, katika kila karamu mtafiti ajaze nafasi iliyoachwa wazi na methali, yaani aandike mcheza kwao hutuzwa na nani. Ikiwa jibu ni jina la jirani, kuna uwezekano mkubwa wa igizo hilo kuchezwa tena baada ya mtafiti kuondoka.